Ukipungua Uzito, Matiti Nayo Hupungua? Inategemea Yamejaa Nini

Ukiacha nyuzi ndogo zinazosimamisha chuchu, ndani ya titi hamna msuli. Kuna tezi za kutengenezea maziwa, zilizogawanyika katika mafungu 15 hadi 20, kila fungu na mirija yake inayoelekea kwenye chuchu. Kuna mafuta yaliyojaza nafasi kati ya mafungu hayo na chini ya ngozi. Kuna nyuzi zinazoshikilia mzigo wote, zikitoka kwenye ngozi hadi kwenye utando unaofunika msuli wa kifua. Hizi huitwa kano za Cooper, kwa jina la Astley Cooper, mpasuaji wa Uingereza aliyezieleza mwaka 1840. Halafu kuna ngozi yenyewe. Msuli mkubwa wa kifua upo, ila umekaa nyuma ya titi.

Kati ya vyote hivyo, kinachofuata chakula moja kwa moja ni mafuta. Tezi hufuata homoni. Nyuzi na ngozi hufuata umri, mvuto wa ardhi na idadi ya mara zilizowahi kutanuka. Ndiyo maana swali la kama matiti hupungua mtu akipunguza uzito halijibiki kwa ndiyo au hapana. Ujazo wa titi, umbo lake na saizi iliyoandikwa kwenye sidiria ni mambo matatu tofauti, na ni kawaida kabisa kwa moja kushuka huku jingine likipanda.

Mafuta kiasi gani, tezi kiasi gani

Uwiano wa mafuta na tezi hutofautiana sana kati ya mwanamke na mwanamke. Kwa mwingine mafuta ni sehemu ndogo tu ya titi. Kwa mwingine ni zaidi ya nusu, na pengine karibu titi lote. Ukubwa wa nje hausemi lolote kuhusu hilo. Titi dogo linaweza kuwa na mafuta mengi, na titi kubwa likawa tezi tupu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Wanawake wawili, kila titi lao lina ujazo wa mililita 600. Kwa wa kwanza mafuta ni robo, yaani mililita 150. Kwa wa pili ni asilimia 70, yaani mililita 420. Wote wanapunguza theluthi ya mafuta ya mwili, na tuseme mafuta ya titi yanakwenda kwa kasi hiyohiyo. Wa kwanza atapoteza mililita 50 kila upande, kiasi ambacho pengine hatakiona hata kwenye kioo. Wa pili atapoteza mililita 140. Kwa kuwa hatua moja ya kikombe cha sidiria katika saizi za kati ni takriban mililita 100 hadi 200, huyu wa pili ameshuka karibu kikombe kizima. Chakula walikula sawa, kilo walipungua sawa.

Mfano huu umerahisishwa, kwa sababu mafuta hayaondoki mwilini kwa kasi moja kila mahali. Wanawake wengi wana mafuta sugu kwenye makalio na mapaja: seli za huko zina vipokezi vingi zaidi vinavyozuia mafuta kuyeyushwa kuliko seli za sehemu za juu. Malalamiko kwamba kifua kimepungua na mapaja yamebaki palepale yana msingi. Mpangilio huo umerithiwa, na hakuna mlo wala zoezi linaloweza kuuelekeza. Huwezi kuamuru mafuta yatoke tumboni yaache kifua, kama vile huwezi kunenepa ukaamuru yaende kifuani yaruke tumbo. Anayetaka kuongeza matiti kwa kula sana ajue kwamba kilo zitakwenda zinakokwenda siku zote kwa mwili wake.

Je, utajuaje wewe uko upande gani? Kushika kwa mkono hakutoshi, kwa kuwa titi gumu si lazima liwe na tezi nyingi wala titi laini si lazima liwe mafuta. Mamografia, yaani picha ya eksirei ya titi, ndiyo inayoonyesha: mafuta hutokea meusi, tezi na nyuzi hutokea nyeupe, na wataalamu huyapanga matiti katika makundi manne, kuanzia yaliyo karibu mafuta matupu hadi yaliyoshonana sana. Lakini picha hiyo hupigwa kwa ajili ya kutafuta saratani. Haipigwi ili kutabiri saizi ya sidiria. Kwa matumizi ya kila siku, kipimo kizuri ni historia yako mwenyewe. Kama mara ya mwisho ulipoongezeka kilo 5 sidiria zilibana kwenye vikombe, basi ukipungua vikombe vitalegea. Kama zilibana mgongoni tu, matiti yako hayafuati sana mizani.

Umri nao huhamisha uwiano. Kwa msichana na mwanamke kijana tezi huwa nyingi. Kadiri hedhi inavyokaribia kukoma, tezi husinyaa na nafasi yake kuchukuliwa na mafuta. Matokeo yake ni kwamba mwanamke ambaye matiti yake hayakuwahi kujali uzito akiwa na miaka 25 anaweza kushangaa akiwa na 55 yakipanda na kushuka pamoja na kilo.

Jambo moja la mwanzoni kabisa: wiki ya kwanza ya kujinyima vyakula vya wanga haionyeshi chochote kuhusu matiti. Mwili huanza kwa kutumia glikojeni, sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, na kila gramu yake huwa imeshikana na takriban gramu 3 za maji. Mizani inaweza kushuka kilo moja au mbili, lakini kilichotoka ni maji zaidi. Mafuta yenyewe hutoka polepole. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni takriban kilokalori 7,700. Anayepunguza kilokalori 550 kwa siku anatarajia nusu kilo kwa wiki, na mabadiliko ya kifua huonekana baada ya wiki kadhaa.

Herufi ya sidiria inavyodanganya

Hapa ndipo watu wengi hupotelea. Herufi A, B, C au D peke yake haina maana ya ukubwa. Ni tofauti kati ya vipimo viwili: mzingo wa chini ya matiti, na mzingo unaopita juu ya chuchu. Katika mfumo wa saizi za Ulaya, tofauti ya sentimita 12 hadi 14 ni A, 14 hadi 16 ni B, 16 hadi 18 ni C, 18 hadi 20 ni D. Namba inayoandikwa kabla ya herufi, yaani 70, 75, 80, ni mzingo wa chini, unaopanda kwa hatua za sentimita 5.

Sasa mwanamke ana sentimita 80 chini na 95 juu. Tofauti ni 15, saizi yake 80B. Anapungua, na mafuta ya mgongoni na kwenye mbavu yanatoka kabla ya ya matiti. Vipimo vipya ni 75 na 92. Tofauti ni 17, saizi 75C. Ameshuka sentimita 3 kifuani, lakini herufi imepanda. Atawaambia watu kwamba mlo umemkuza matiti, na si kweli: kikombe cha 75C hubeba ujazo karibu uleule wa 80B. Saizi za namna hii hulingana kwa ujazo, namba ikishuka hatua moja na herufi ikapanda hatua moja, hivyo 80B, 75C na 70D ni ndugu.

Kinyume chake kinauma zaidi. Mwingine anatoka 80 na 95, anafika 75 na 90. Tofauti bado ni 15, herufi bado ni B. Anajiambia hajapoteza kitu. Kwa hakika amepoteza hatua nzima ya ujazo, kwa sababu kikombe cha 75B ni kidogo kuliko cha 80B.

Ongeza hapo kwamba mifumo haifanani. Ufaransa na Hispania huongeza 15 kwenye namba, kwa hiyo 75 ya kwingineko Ulaya ni 90 kwao. Uingereza na Marekani hupima kwa inchi, na baada ya D herufi zao hufuata njia tofauti. Kulinganisha herufi ya sidiria ya zamani na ya mpya kutoka kiwanda kingine ni kazi bure. Fuata sentimita.

Kupima vizuri kunataka utaratibu uleule kila mara. Tumia utepe wa fundi cherehani. Mzingo wa chini: toa pumzi, zungusha utepe moja kwa moja chini ya matiti, ukiwa sambamba na sakafu mgongoni na mbele, ukaze hadi ukae imara bila kuumiza. Mzingo wa juu: bila sidiria, au na sidiria nyembamba isiyo na sponji, pitisha utepe juu ya chuchu bila kukaza. Kama matiti yamelala, inama hadi mgongo uwe sambamba na sakafu ndipo upime. Ukisimama wima utepe hupita juu ya sehemu iliyo tupu na kutoa namba ndogo kuliko ukweli.

Na chagua siku. Katika nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi, homoni ya projesteroni huvuta maji na kuongeza mtiririko wa damu kwenye titi, na ujazo unaweza kupanda kwa zaidi ya asilimia 10 bila gramu moja ya mafuta kuongezeka. Anayepima leo siku ya 25 na mwezi ujao siku ya 7 atadhani mlo umemla kifua. Siku ya 7 hadi ya 10, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya damu, ndiyo tulivu. Pima hapo kila mwezi, uandike namba zote mbili pamoja na uzito.

Wakati kilo zinaendelea kushuka hakuna haja ya kununua sidiria nyingi. Nunua ile inayokaa sawa kwenye kulabu za nje, zile legevu. Mkanda ukilegea unahamia za ndani. Mkanda ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito, si kamba za mabegani. Ukiona unapanda juu mgongoni, au vidole zaidi ya viwili vinapita chini yake kwa urahisi, namba imekuwa kubwa. Kikombe kikikunjamana sehemu ya juu wakati chini kimejaa, ujazo haujatoka wote, umeshuka. Hapo mwanamke huhitaji kikombe cha umbo jingine, kilichokatwa chini zaidi, kabla hajakimbilia herufi ndogo.

Ngozi

Titi ni kama mto ndani ya foronya: sufi ikipungua, foronya hubaki na ukubwa wake. Seli za mafuta hunywea mtu anapopungua, lakini ngozi iliyotanuka kwa miaka hujikunja tu kadiri kolajeni na elastini zake, protini zinazoipa uimara na mnyumbuko, zinavyoruhusu. Sehemu inayopwaya kwanza ni ya juu, ile inayoonekana kwenye shingo ya gauni, kisha chuchu huanza kuelekea chini.

Madaktari hutumia ngazi zilizopendekezwa na mpasuaji Paule Regnault mwaka 1976, na mtu anaweza kujikagua nyumbani mbele ya kioo. Kipimo ni mkunjo ulio chini ya titi. Chuchu ikiwa usawa wa mkunjo huo, ni daraja la kwanza. Ikiwa chini ya mkunjo lakini bado si sehemu ya chini kabisa ya titi, ni la pili. Ikiwa imefika chini kabisa na kutazama sakafu, ni la tatu. Kuna pia hali ambayo chuchu iko juu ya mkunjo ila nyama ya titi imeshuka. Hiyo huitwa kulegea kwa uongo, na ni ya kawaida baada ya kupungua uzito.

Nini huleta kulegea? Mpasuaji wa Marekani Brian Rinker na wenzake waliwachunguza wanawake na kukuta mambo yanayohusiana nako: umri, uvutaji sigara, unene, matiti makubwa tangu mwanzo, idadi ya mimba, na kupungua uzito mwingi, zaidi ya paundi 50, ambazo ni karibu kilo 23. Kunyonyesha hakukuwamo. Hilo linastahili kusemwa kwa sauti, kwa sababu wapo wanaokatiza kunyonyesha ili kulinda umbo, wakati ni mimba yenyewe iliyokwisha kutanua titi kabla mtoto hajaligusa.

Kupungua polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, ni kuzuri kwa sababu nyingi, ila kusiuzwe kama bima ya ngozi. Jumla ya kilo, umri na sigara vina uzito zaidi. Wanaopungua kwa upasuaji wa tumbo au kwa sindano za kupunguza hamu ya kula, kama za semaglutide, hupata mabadiliko yaleyale ya kifua, kwa kuwa kilo zinazotoka ni nyingi. Dawa haina ugomvi maalumu na matiti.

Kinachoumiza zaidi kwa macho yetu ni kupanda na kushuka. Kilo 8 chini, kilo 10 juu, tena chini. Kila kupanda hutanua ngozi na kano, kila kushuka huziacha zikipwaya, na kano za Cooper haziwezi kufanyishwa mazoezi kwa sababu si msuli. Afadhali kilo 5 zilizotoka zikakaa kuliko 15 zinazorudi kila mwaka.

Pushapu na kunyanyua vyuma hukuza msuli ulio nyuma ya titi. Huweza kujaza kifua kidogo kwa juu na kunyoosha mgongo, jambo ambalo huonekana mara moja kwenye kioo. Mazoezi hayo hayapunguzi mafuta ya titi wala hayalinyanyui titi lililoshuka. Krimu za kukaza hazifiki kwenye kano, na mafuta ya kukandia hayaongezi ujazo. Soya, uwatu na vidonge vya mitishamba vinavyouzwa kwa ahadi ya kukuza havina ushahidi wa kutegemewa. Wengi wanaoona mabadiliko wanaona kilo walizoongeza au wiki ya mzunguko waliyopima.

Unapojinyima kupita kiasi

Mpaka hapa tumezungumzia mafuta. Mlo mkali sana hugusa na tezi, na njia yake hupitia ubongoni. Seli za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Chakula kikipungua mno leptini hushuka, ubongo hupunguza ishara kwa ovari, estrojeni, homoni ya kike inayotoka huko, inashuka, na hedhi huvurugika au kukatika. Tezi za titi zinazotegemea estrojeni husinyaa pia. Mwanamke aliyekuwa na matiti yenye tezi nyingi, ambayo kwa upungufu wa kawaida yasingebadilika, sasa anayaona yakipungua.

Wataalamu wa lishe ya wanamichezo hutumia kizingiti hiki: chukua uzito wa mwili bila mafuta, zidisha kwa kilokalori 30. Chini ya hapo, baada ya kutoa nishati iliyotumika kwenye mazoezi, homoni za uzazi huanza kuyumba. Mwenye kilo 45 bila mafuta anahitaji zibaki angalau kilokalori 1,350. Akila 1,400 na kukimbia hadi kuchoma 400, amebakiwa na 1,000, na hapo tatizo limeshaanza hata kama chakula kwenye sahani kinaonekana cha kutosha. Hedhi ikikosekana miezi mitatu bila mimba, suala limeondoka kwenye sidiria: mifupa nayo hupoteza madini estrojeni ikiwa chini. Dawa ya kwanza ni kula, na hedhi inaweza kuchukua miezi kurudi.

Protini isipunguzwe pamoja na vingine. Gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku husaidia kulinda misuli, ukiwemo ule wa kifua, ili kinachotoka kiwe mafuta.

Anayenyonyesha ana hesabu yake. Kutengeneza maziwa hutumia takriban kilokalori 500 kwa siku, hivyo kupungua nusu kilo kwa wiki kwa kawaida hakudhuru maziwa, mradi asianze katika wiki za mwanzo wakati maziwa bado yanajijenga. Baada ya kumwachisha mtoto ziwa, tezi hunywea na mafuta hurudi taratibu kwa miezi. Kipindi hicho titi huonekana tupu, na wengi hulaumu mlo walioanza siku hizohizo. Subiri angalau miezi sita kabla ya kuhukumu.

Wanaotaka yapungue, na wanaume

Mwenye matiti mazito yanayomuumiza shingo na mabega mara nyingi huambiwa apunguze uzito kwanza. Ushauri huo unafaa kama mafuta ni mengi. Kama ni tezi, anaweza kupungua kilo 10 na kubaki na mzigo uleule, na haipaswi kuhesabiwa kuwa ameshindwa. Wapasuaji kwa kawaida hutaka uzito uwe umetulia kwa miezi 6 au zaidi kabla ya kupunguza au kunyanyua matiti, kwa kuwa kilo zinazotoka baada ya upasuaji huharibu umbo lililotengenezwa.

Kwa mwanaume, kifua kilichojaa mafuta tu hupungua na uzito. Kilichokua kwa tezi hakipungui kwa mlo, na hutambulika kwa kisahani kigumu, kinachouma pengine, moja kwa moja nyuma ya chuchu. Dawa fulani, matatizo ya ini na homoni za kujenga misuli huweza kukisababisha, kwa hiyo daktari aulizwe kabla ya kuanza kukimbia.

Mafuta yanapotoka, uvimbe uliokuwa umefichika huanza kushikika kwa vidole. Mara nyingi ni tezi za kawaida, lakini hilo haliamuliwi nyumbani. Mlo hupunguza matiti yote mawili, ingawa si lazima kwa usawa kamili, na tofauti ndogo iliyokuwepo huweza kujitokeza zaidi. Upande mmoja ukibadilika peke yake, ngozi ikivutika ndani au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje ikaingia, au ikatoa damu, nenda ukachunguzwe bila kusubiri mzunguko unaofuata. Vivyo hivyo uzito ukishuka kwa asilimia 5 au zaidi ndani ya miezi 6 hadi 12 bila wewe kujinyima chochote.